Watoto Hawana Haraka ya Kufika Iringa

Msikilizaji, shule zimefungwa. Mwezi wa sita ndio huu, kipupwe kimeingia, na barabara ya Morogoro imejaa magari yenye mito ya kulalia kwenye kioo cha nyuma. Baba ameomba ruhusa kazini, mama amekesha na maandazi, bibi kule Iringa ameshaulizia mara tatu mtatoka lini. Mpaka hapo sina neno. Neno langu ni kwamba wengi wetu tunawapakia watoto kama magunia ya mkaa: wakishaingia, mlango ukafungwa, kilichobaki ni kufika tu.

Dar es Salaam hadi Iringa ni kilomita 500 hivi. Dereva aliyehurumiwa na foleni ya Kibaha, akasalimika na tochi za trafiki, anaimaliza kwa siku moja, na akifika anatamba. Sasa muulize mtoto wa miaka minne. Yeye Iringa haijui. Safari yake ni kile kinachopita dirishani, na mkojo. Hasa mkojo. Mkiwa Chalinze ukamuuliza, hana. Mkiiacha Chalinze nyuma kidogo, anao, tena umembana.

Kwenye mabasi tumezoea kuchimba dawa. Konda anatangaza, wanaume upande huu, wanawake upande ule, honi inalia, twende. Mtu mzima anamudu. Lakini mtoto uliyemfundisha mwaka mzima kwamba haja ni chooni, leo unamsimamisha kwenye majani, lori la Tunduma linapita likinguruma, unamwambia, "Haya, fanya haraka!" Anaganda. Hakitoki kitu. Anarudi garini, na kabla hamjafika mbali kiti kimelowa, halafu anagombezwa yeye. Wenye gari lenu hamna sababu ya kufanya hivyo. Tafuteni sheli yenye choo, simameni, mwacheni azunguke zunguke mpaka mwili ufunguke.

Na kama mfuko unaruhusu, laleni Morogoro. Ni kilomita 190 na ushee kutoka Dar, zinamtosha mtoto kwa siku. Jioni anakimbia, anakula ugali wa moto, analala akiitazama milima ya Uluguru. Wasio na gari nao njia imefunguka: tangu Juni 2024 treni ya umeme inawafikisha Morogoro chini ya saa mbili, na mle ndani kuna choo.

Faida ya kulala Morogoro mtaiona kesho yake. Mkitoka alfajiri mnaingia Mikumi asubuhi, wanyama wakiwa bado karibu na lami. Hifadhi hii ni ya mwaka 1964, na barabara kuu inaikata katikati kwa kilomita 50 hivi. Twiga, pundamilia, swala, na siku ya bahati tembo, wote mnawaona mkipita, bila kulipa kiingilio. Sielewi mtu anayeipita Mikumi usiku akiwa na watoto. Amewanyima kitu cha bure, na amejiongezea hatari ya kugonga nyati gizani.

Kuna bango pale njiani linaloorodhesha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake, kwa dola. Mwenye mtoto wa darasa la pili apunguze mwendo amwache alisome. Maswali yatakayofuata yatawafikisha mbali: kwa nini twiga ni ghali kuliko swala? Nani analipwa, twiga mwenyewe? Jibuni mnachoweza. Vioo vipandishwe nusu, kwa sababu nyani wa Mikumi wanajua ndizi iko wapi ndani ya gari. Msiwarushie chochote, na msishuke kupiga picha.

Hapa niseme jambo ambalo halinifurahishi kulisema. Bado tunawapakata watoto kiti cha mbele. Mama mkanda amefunga, mtoto yuko juu ya mapaja, nje ya mkanda. Gari likifunga breki ghafla kwenye mwendo wa 80, hakuna mikono ya mzazi itakayomshika, hata awe na mapenzi kiasi gani. Mtoto akae nyuma, kwenye kiti chake kama kipo, na dereva asiondoke mpaka mkanda umelia "tak".

Mbele ya Mikumi kuna Ruaha Mbuyuni, na wauza vitunguu wake watawafuata mpaka dirishani. Kisha mlima wa Kitonga. Kona zile, nyuma ya lori lililobeba mzigo wa Zambia, humtapisha hata askari. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo bebeni ndoo ndogo yenye mfuniko. Mfuniko ni muhimu. Na masweta yawe juu, yasiwe ndani ya begi la chini kabisa, maana Iringa mwezi huu haina utani.

Bibi akishasalimiwa, watoto wapelekeni Isimila, mwendo mfupi kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Kuna korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua, na zana za mawe za watu wa kale, ambazo wanaakiolojia walizichimbua mwaka 1957 na 1958. Mwenyeji atawaeleza habari ya miaka maelfu kwa maelfu. Mtoto hatashika hesabu hiyo, atataka kujua tu walikata nini na jiwe lile.

Kwa wale ambao mwezi huu mfuko hauruhusu, na ndio wengi wetu, pandeni kivuko cha Kigamboni. Nauli yake haifikii bei ya soda, na kwa mtoto wa Tandale au Mbagala ile ni meli kamili. Au nendeni Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, mkaingie ndani ya msonge wa Wahaya, giza lake na harufu ya nyasi. Kivukoni nendeni Jumapili asubuhi na mapema, kabla ya msururu wa waendao ufukweni, na kila mtoto ashikwe mkono mpaka magari yote yameshuka.