Mali Bila Daftari: Uanagenzi wa Uwakili Uingereza



Niliombwa nizungumzie namna ya kuomba nafasi ya uanagenzi wa uwakili hapa Uingereza, na namna ya kuishi nayo ukishaipata. Nitaanzia dukani, kwenye daftari la biashara. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na fomu za waombaji nilizosoma zimenionyesha kuwa vijana wetu wengi mali wanayo, daftari hawana.

Kwanza tuelewane majina. Kwetu Afrika Mashariki wakili ni wakili: asubuhi anaandika mkataba, mchana yuko mbele ya hakimu. Uingereza na Wales wameigawa kazi. Kuna barista (si yule wa kahawa), ambaye uwanja wake hasa ni mahakama, na kuna solisita, anayempokea mteja, kuandaa nyaraka, kusimamia mauzo ya nyumba na kuendesha kesi tangu barua ya kwanza. Ninamzungumzia huyu wa pili.

Zamani njia ilikuwa nyembamba. Sheria ya mwaka 1728 ilimtaka kijana atumikie miaka mitano chini ya wakili, na desturi ikawa familia yake ndiyo inamlipa mwalimu. Miaka ikapungua hadi miwili na mshahara ukaja, ila bila kampuni ya kukupa mkataba wa mafunzo, shahada yako ilikaa sandukuni. Septemba 2021 mamlaka inayowasimamia masolisita, SRA, ilileta utaratibu mpya. Kuna mtihani uitwao SQE: sehemu ya kwanza ina maswali 360 ya kuchagua jibu, na ya pili ina vituo 16 vya kazi za vitendo, vinne kati yake vya kusema. Pamoja na mtihani, unatakiwa uwe na miaka miwili ya uzoefu wa kazi za kisheria.

Hapo kwenye uzoefu ndipo pa kutulia. Miaka hiyo miwili unaweza kuikusanya mahali pasipozidi panne. Kampuni ya uwakili ni sawa, idara ya sheria ya halmashauri ni sawa, kituo cha msaada wa kisheria ni sawa, kwa mshahara au kwa kujitolea. Hata kazi ya nje ya nchi inakubalika, mradi solisita wa Uingereza na Wales anayeijua kazi yako aithibitishe. Na anayethibitisha haulizwi kama wewe ni hodari. Anaulizwa ulifanya kazi kwa muda gani, kama ulipata nafasi ya kukuza angalau stadi mbili kati ya zile zinazotakiwa kwa solisita, na kama kuna jambo la kutia shaka tabia yako. Uhodari utapimwa na mtihani.

Binti mmoja alinijia baada ya kufanya kazi miezi kumi na minne katika ofisi ambayo sitaitaja. Alikuwa ameandika barua za wapangaji wanaofukuzwa na kuwahoji wateja, wengine kwa Kiswahili. Wakili aliyemsimamia alikuwa amestaafu na kuhama. Tulimpata, mzee muungwana kabisa, akasema: "Namkumbuka, lakini alifanya nini hasa, na lini?" Binti hakuwa na hata ukurasa mmoja. Miezi mingi tuliyodhani imeiva ikabidi tuiokoteze kwenye barua pepe za zamani.

Kuhusu maombi nitasema machache. Kampuni nyingi kubwa huajiri wanagenzi miaka miwili kabla ya siku ya kuanza, kwa hiyo anayesubiri kuhitimu ndipo aombe amechelewa. Fomu hukupa maneno mia mbili au tatu, na sisi tunayamaliza kwa salamu, heshima na taadhima. Nyingine ni orodha ya vyeti vya warsha. Kijana aliyeshika daftari la madeni la duka la mjomba Kariakoo, akajua nani wa kudaiwa leo na nani wa kusubiriwa, ana hadithi nzuri kuliko vyeti sita, lakini anaona haya kuiandika.

Ukishaingia, kwa mfumo uliozoeleka utakaa "viti" vinne, miezi sita kila idara. Kazi ni ndogondogo na inachosha: kupanga jalada la mahakama na kuweka namba kila ukurasa, kuandika kumbukumbu ya kila simu, kuhesabu muda wako kwa vipande vya dakika sita. Msiidharau. Dai la kuvunjwa kwa mkataba kwa kawaida lina ukomo wa miaka sita, dai la kuumia mwilini mitatu. Tarehe moja ikikosewa, mteja amepoteza haki na ofisi imepata kesi. Na usimpe mtu ahadi rasmi kwa jina la ofisi, hata kwa simu, hata kwa wema. Ahadi ya solisita hutekelezwa kama ilivyosemwa, na wewe huna mamlaka ya kuitoa.

Utakosea. Nilikosea mimi, nikamwambia msimamizi wangu kabla ya chai, akaguna, tukarekebisha. Hatari iko kwa anayeficha: Novemba 2018 Mahakama Kuu huko London iliamua mashauri ya masolisita watatu waliofanya udanganyifu kazini. Mmoja alikuwa amerudisha nyuma tarehe za barua akiwa bado mchanga kazini, huku ofisi ikimbana vibaya. Mahakama ilisikia habari za mbinyo na msongo, lakini wote watatu wakafutwa kwenye orodha ya masolisita. Daftari ninalolisifu hapa ni lile linaloandikwa jioni ya siku ileile, na kosa likiwemo.

Nimeleta nakala za ukurasa mmoja wa daftari langu, zipitishwe. Ukurasa una safu nne: tarehe, kazi, stadi niliyoitumia, aliyeiona. Mstari wa kwanza unasema nilirudufu hati kurasa 212, mmoja nikauruka, nikarudia zote. Badala ya majina ya wateja nimetumia namba, maana siri yao haitoki ofisini hata ndani ya daftari lako.