Kisiwani, Songo Mnara na Kivinje: Zinafanana Wapi, Zinatofautiana Wapi



Nimeombwa nizungumzie urithi wa kwetu. Kawaida mtu akipewa mada hii huanza na Ibn Battuta aliyefika Kisiwani mwaka 1331, kisha humalizia na dhahabu ya Sofala. Hayo mnayajua, na watoto wanayasoma shuleni. Leo naomba tuziweke pamoja sehemu tatu, Kisiwani, Songo Mnara na Kivinje, tuzitazame kama ndugu watatu wa nyumba moja. Ninayo sababu, na inahusu fedha tunazochanga leo.

Kufanana kwao kunaonekana mara moja. Zote ni kazi ya mawe ya matumbawe, chokaa ya kuchoma na boriti za mikoko. Zote ziliishi kwa bahari na biashara. Na zote zina misikiti na makaburi, ambayo mengine wenyewe mpaka leo tunakwenda kuyaombea dua.

Kutofautiana ndiko kwenye maneno. Kisiwani ni mji wa karne nyingi juu ya karne. Msikiti Mkuu ulianza katika karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 kwa kuba na nguzo. Husuni Kubwa ina vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Gereza lilianzwa na Wareno mwaka 1505, Waomani wakaja kulijenga upya. Ulikuwa mji uliopiga sarafu zake wenyewe. Moja yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na pwani.

Songo Mnara haikuishi muda mrefu: mwisho wa karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 16, basi. Kwa sababu hiyo hakuna aliyejenga juu yake, na mji umebaki kama ulivyoachwa: nyumba, nyua zake, misikiti, na ukuta wa kuzunguka. Kisiwani unaona wafalme waliishi vipi. Songo Mnara unaona familia ziliishi vipi. Mimi nikiulizwa, Songo Mnara inafundisha zaidi, ingawa wageni wengi huishia Kisiwani kwa kuwa ni karibu na Masoko.

Kivinje ni mdogo wao kwa umri. Ni mji wa karne ya 19, mji wa misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa waliotolewa upande wa Ziwa Nyasa. Tusilifiche hilo tunapojisifu. Kisha akaja Mjerumani na boma lake. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895, na jina la Mwembe Kinyonga halihitaji mkalimani. Miaka 10 baadaye vita vya Maji Maji vikaanza katika nchi yetu hiihii ya Kilwa na Matumbi.

Sasa tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kazi ya ukarabati ikafanyika, na mwaka 2014 zikatolewa humo. Zina msimamizi na zina mlinzi. Kivinje haimo katika orodha hiyo. Nyumba zake za zamani, zile za baraza na milango ya nakshi, nyingi ni mali za familia. Yaani ni mali za watu waliokaa katika ukumbi huu.

Msidhani orodha pekee ingetuokoa. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo tangu 2000, na Lamu tangu 2001, miji yenye watu wanaoishi ndani kama Kivinje. Hata hivyo sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020, na umaarufu wake wote.

Nyumba ya Kivinje huanza kufa juu. Bati likitoboka, maji yanaingia ndani ya ukuta, chokaa inalegea, boriti inaoza. Kwa nini bati halibadilishwi? Kwa sababu nyumba ni ya marehemu babu, warithi wako Temeke, Mtwara, Tanga na Maskati, na kila mmoja anaogopa akitia fedha yake ataambiwa anajimilikisha. Na anayejitolea huenda akapiga plasta ya saruji, akidhani ametengeneza. Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe, na baada ya masika kadhaa plasta inabanduka na jiwe lake. Ukuta wa chokaa hutibiwa kwa chokaa.

Kuhusu milango: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Mnunuzi akija na noti mkononi, mwambieni hivyo.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, napendekeza mchango wa mwaka huu usiende kwenye kibao wala kwenye sherehe. Uende kwenye mapaa, na kwenye posho ya vijana wachache wakae na mafundi wa chokaa wajifunze kuchoma, kulowesha na kupaka. Kamati isiguse nyumba yoyote kabla warithi hawajaandika kwamba wamekubaliana, na kwamba ukarabati haubadili fungu la mtu.

Fomu za warithi ziko mezani kwa Katibu, karibu na mlango. Zina nafasi ya majina na simu, na nafasi ya kueleza nyumba ilipo na hali ya paa lake. Wenye ndugu Maskati, wapigieni leo usiku.