Macbeth na Mkewe: Hatia Iliyowatenganisha

Mada hii inahusu tamthiliya ya Shakespeare iliyoandikwa yapata mwaka 1606. Samuel Mushi aliifasiri kwa jina la Makbeth, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1968. Mijadala yake aghalabu huishia kwa wachawi watatu. Si ajabu: habari ya mtu kwenda kwa mganga kuulizia bahati yake haimshangazi yeyote. Lakini wachawi wale hawakumwambia Macbeth aue. Shauri la kumuua Mfalme Duncan lilipitishwa na mume na mke.

Shakespeare alikusudia hivyo. Katika historia ya Uskoti, Mfalme Duncan aliuawa vitani mwaka 1040. Mtunzi aliyahamishia mauaji nyumbani kwa Macbeth.

Mwanzoni wawili hawa hawafichani kitu. Macbeth anapotabiriwa ufalme na wachawi, anamwandikia mkewe barua kabla hajafika nyumbani. Anaposita, kwa kuwa Duncan ni ndugu yake, bwana wake na tena mgeni wake, mke anamsuta mpaka anakubali.

Usiku wa mauaji, mume anatoka chumbani na majambia mikononi, akilalamika kwamba alishindwa kuitikia Amina. Kurudi ndani hathubutu. Mke anayachukua majambia, anawapaka damu walinzi waliolala, kisha anadai maji kidogo tu yatawasafisha. Hata hivyo, ulimi umekwisha kumponyoka: angemuua Duncan yeye mwenyewe, ila mzee yule alivyolala alifanana na baba yake.

Zamu ya kumuua Banquo, jemadari mwenzake, inapofika, Macbeth, sasa akiwa mfalme, anapanga mauaji kimya kimya na kumtaka mkewe asiulize. Karamuni mzimu wa Banquo unaketi kitini. Anayeuona ni Macbeth peke yake. Mke anawatuliza wageni kwamba ni maradhi ya tangu ujana. Baada ya usiku huo, wawili hao hawaonekani tena pamoja jukwaani.

Hapo hali zinageuka. Mume aliyetetemeka anakuwa sugu, anaagiza mke na watoto wa Macduff, kabaila anayempinga, wauawe. Mke aliyekuwa jasiri hataki taa izimwe, anatembea usingizini, anasugua mikono hata robo saa. Mtumishi wake anamsimulia tabibu jambo jingine: tangu mfalme aende vitani, malkia huamka, hutoa karatasi, huikunja, huandika, husoma, huifunga kwa lakiri, akarudi kitandani, yote hayo akiwa usingizini. Tamthiliya haisemi anamwandikia nani. Tabibu anakiri kuwa mgonjwa huyu anamhitaji kasisi kuliko yeye.

Mke anapofariki, Macbeth hata haulizi amekufaje.

Kwa kazi ya vikundi, inapendekezwa onyesho la pili la tendo la pili lisomwe mfululizo na onyesho la kwanza la tendo la tano. Kila kikundi kijadili: kilichomvunja mke zaidi ni damu ya Duncan, au ni kufichwa habari za Banquo?