Kayamba ya Mtoto Mchanga na Namna Ifaavyo Kutengenezwa

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi)



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya kitu ambacho chaweza kukaa katika kiganja cha mtoto wa miezi minne. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za mikopo, za ghala na za bei ya mbao, nami sitazirudia. Nitasema habari za kayamba ya mtoto mchanga, yaani kile kitu cha kuchezea kitoacho sauti kitikiswapo. Kwa kuwa jioni ya leo wajumbe watatakiwa kuamua ni kayamba ya namna gani itakayopigwa chapa ya Chama chetu, na haifai mtu ainue mkono pasipo kujua anauinulia nini.

Namna zilizoletwa ni mbili. Ya kwanza ni tufe la mti lenye uwazi ndani, lililofanywa kwa nusu mbili zilizounganishwa kwa gundi, likatiwa mbegu, likapakwa rangi nyekundu na kijani, na kutiwa mpini. Ya pili ni mpini mtupu uliokerezwa, wenye vifundo viwili, kimoja kila upande, na pete tatu za mti zinazocheza katikati. Hii ya pili haina rangi, haina mbegu wala gundi. Najua kwamba wanachama wengi wapendelea ya kwanza, na sababu yao si ya kudharauliwa: fundi hutengeneza nyingi kwa siku moja, na wachuuzi huzinunua kwa macho kabla hawajauliza bei. Mimi nimesimama kuitetea ya pili.

Kayamba si kitu kigeni kwetu. Wadigo na ndugu zao wa Mijikenda wameipiga katika ngoma zao tangu zamani, ile iliyo bapa, ya matete yaliyofungwa pamoja na kutiwa mbegu ndani. Jina lenyewe limevuka bahari: katika kisiwa cha Réunion wana chombo cha namna hiyo hiyo wakiitacho kayamb, kilichofanywa kwa mabua ya maua ya miwa, nacho hupigwa katika muziki wa maloya, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009. Tena Wagiriki wa kale walimsifu mtu aitwaye Archytas, wa mji wa Tarentum, kuwa ndiye aliyebuni kayamba ya watoto, na Aristotle aliandika katika kitabu chake cha siasa kwamba wazazi huwapa watoto kitu hicho ili wasivunje vyombo vya nyumbani. Mama yeyote aliyemo humu ndani angaliweza kumwambia hayo pasipo kusoma falsafa.

Lakini kayamba ya ngoma hushikwa na mtu mzima, na mtu mzima haitii kinywani. Hapo ndipo kazi ya kubuni inapoanzia.

Tumtazame huyo tunayemtengenezea. Mtoto husikia hata kabla ya kuzaliwa, katika miezi ya mwisho ya mimba. Akizaliwa, ukimtia kidole katika kiganja atakikamata kwa nguvu, walakini si kwa kutaka kwake. Mkono wafumba wenyewe, wala hajui kuachia. Macho yake huona vema kitu kilicho karibu, kadiri ya sentimita 20 hadi 30, basi. Yapata mwezi wa nne ndipo aanzapo kuunyosha mkono ili akipate kitu alichokiona. Yapata mwezi wa sita hukihamisha kutoka mkono huu hadi huu, na kila akishikacho hukipeleka kinywani. Asije mtu akadhani huo ni utundu. Kinywa ndicho chombo chake cha kuchunguzia dunia, kuliko macho na kuliko vidole. Kwa hiyo fundi anayebuni kayamba akifikiri juu ya sikio la mtoto tu, amefikiri nusu ya kazi. Na akifikiri juu ya jicho la mchuuzi, hajafikiri lolote.

Sasa tuirudie ile kayamba ya tufe. Mama mmoja, mwanachama wa chama cha wasusi wa ukili, alileta ofisini kayamba ya namna hiyo aliyoinunua mnadani. Haikutoka katika karakana zetu. Gundi ilikuwa imelegea kwa mate na joto, na tufe limefunguka kama korosho iliyopasuliwa. Alizikuta mbegu saba mkekani. Tatizo lake, mabibi na mabwana, ni kwamba hakujua zilikuwamo ngapi tangu mwanzo. Mtoto hakudhurika, lakini usiku ule hakulala mtu katika nyumba ile.

Mbegu zenyewe zilikuwa za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi ambazo sisi sote tulizichezea utotoni na kuzitunga shanga. Ni nzuri kwa macho, na sauti yake ndani ya mti ni safi. Illa zina sumu kali, na mbegu iliyotafunwa au kutobolewa yaweza kumwua mtu. Mbegu za mbarika nazo hazina heri. Mtu atasema: basi tutie mahindi, au choroko. Naam, hizo hazina sumu, lakini fukusi watazila humo humo ndani, na baada ya miezi michache kayamba itatoa unga badala ya sauti. Tena iwe mbegu ya mturituri au ya choroko, njia ya pumzi ya mtoto haitazami jina la mbegu. Kitu kidogo kikimsakama, kimemsakama.

Kuna vipimo viwili ambavyo yafaa kila fundi avijue. Cha kwanza ni kopo la duara lenye upana wa milimita 31.7, na kina chake ni cha mshazari, kuanzia milimita 25.4 upande mmoja hadi 57.1 upande wa pili. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1980 yasema kwamba kitu cha kuchezea cha mtoto wa chini ya miaka mitatu, au kipande chochote kitokacho humo, kikiingia chote katika kopo hilo, hakifai kuuzwa. Cha pili ni cha kayamba hasa, nacho kilitolewa mwaka 1978: ni shimo la yai lenye upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 50, na kina cha milimita 30. Ncha ya kayamba isiweze kupenya hata kufika upande wa pili wa shimo hilo, maana ncha ipenyayo hapo yaweza kufika kooni na kukwama. Tena kabla ya kupima huiangusha sakafuni mara 10 kutoka kimo cha sentimita 137, ili ijulikane kama itatoa vipande. Mjumbe mmoja aliniuliza juzi, sisi na sheria za Marekani wapi na wapi? Nilimjibu kwamba koo la mtoto wa Muheza si pana kuliko la mtoto wa Chicago.

Kayamba ya pete imebuniwa kwa kufuata vipimo hivyo. Vifundo vyake ni duara kamili, kila kimoja kina upana wa milimita 42, kwa hiyo haviingii katika lile shimo la yai hata ukivilazimisha. Pete ni pana kuliko kopo. Mpini una unene wa milimita 13, kadiri ya kidole cha mtu mzima, maana hicho ndicho mtoto alichozoea kukishika. Hatukutia kamba. Kamba ni kitu cha kumfaa mama asiyetaka kuinama, lakini shingo ya mtoto ni ya mtoto.

Nitakawia kidogo katika pete, kwa sababu ndizo fahari ya wakerezaji wetu. Wengi mwaniuliza pete zimeingiaje, ikiwa vifundo ni vipana kuliko matundu yake na hakuna mahali palipounganishwa. Jawabu ni kwamba hazikuingia, bali zilizaliwa humo. Fundi huchukua gogo moja na kulitia katika kerezo. Huacha mbavu tatu nene katikati, kisha kwa patasi iliyopindwa ncha huchimba chini ya kila ubavu, kwanza kutoka kulia, halafu kutoka kushoto, hali mti unazunguka. Michimbo miwili ikikutana, ubavu huachana na mpini na kuwa pete. Kitu kilichokuwa kimya huanza kulia mikononi mwake. Nimesimama karakanani mara nyingi kuitazama dakika hiyo, nami sijachoka nayo. Akiharakisha, pete huvunjika na kazi yote ni kuni.

Sauti hutegemea mti kuliko mkono. Mti mbichi hutoa sauti iliyokufa. Mpingo hulia vizuri kupita yote, ndiyo maana Wazungu huufanyia zumari zao za klarineti, lakini ni mzito hata huzama majini, na kitu kizito kikimponyoka mtoto aliyelala chali humwangukia usoni. Mkorosho tumeukataa kwa sababu utomvu wake huunguza ngozi, na sisi wa Tanga hatuhitaji kuambiwa. Tuliouchagua ni mchungwa. Muheza ni nchi ya machungwa, na mchungwa uliozeeka ukikatwa aghalabu huishia jikoni, ilhali mti wake ni mgumu, una nyuzi laini zilizobanana, na rangi yake ya manjano haihitaji kupakwa kitu. Kasoro yake ni kupasuka wakati wa kukauka. Yapasa magogo yapakwe nta nchani na kuwekwa kivulini, wala pasiwe na papara. Mchungwa ukikosekana, mpera wafaa. Vijana wanaochonga panda za manati walikwisha kuuchagua kabla yetu.

Juu ya rangi nitasema machache. Rangi nyingi za mafuta zimetiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama kwa mwili. Marekani ilikaza sheria yake mwaka 2009 hata rangi ya kitu cha kuchezea isizidi sehemu 90 za risasi katika sehemu 1,000,000. Sisi hatuna maabara ya kuhesabu sehemu hizo. Basi tusugue kwa msasa hata uso wa mti uwe kama kokoto la mtoni, tupake nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya nazi, tuishie hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalifikirii. Mkono wa mtoto ni mfupi, na kitu akitikisacho huwa karibu na sikio lake daima. Kelele ambayo kwetu ni ya kadiri, kwake ni kubwa. Pete za mti zagongana kwa sauti kavu na ndogo, nayo yamtosha. Na sauti ndogo ina faida yake. Mwaka 1944 Irene na Alexander Ewing, wa Chuo Kikuu cha Manchester huko Uingereza, walieleza namna ya kupima usikivu wa watoto: mtoto hupakatwa na mama yake, mtu mmoja mbele huyavuta macho yake, na mwingine hutoa sauti ya taratibu kwa nyuma, upande upande, ili aonekane kama atageuka. Kayamba ilikuwa mojawapo ya vyombo vya kazi hiyo. Mimi sisemi kwamba kayamba yetu ni chombo cha daktari. Sauti yake haikupimwa, na mtoto aweza kugeuka kwa kuona kivuli tu. Lakini mama ambaye mtoto wake ametimiza miezi saba wala hageuki hata mara moja kwa sauti ya nyuma yake, na asingoje aambiwe kwamba mtoto ni mpole. Ampeleke hospitali.

Nimalizie kwa hesabu. Kayamba ya pete itauzwa ghali zaidi, na wachuuzi wawili wamekwisha kuniambia kwamba hawaitaki kwa kuwa haing'ari. Tutapoteza baadhi yao. Kwa upande wa pili, hatutanunua gundi, rangi wala mbegu, na mti tutaupata kwa watu waliokuwa wakiuchoma. Kamati imependekeza kwamba mkerezaji alipwe kwa kila kayamba iliyopita katika vipimo vyote viwili, kwa kima kilicho juu ya kile cha tufe, na kwamba chapa ya Chama ipigwe kwa chuma cha moto, si kwa wino, baada ya kupimwa wala si kabla. Atakayetaka kutengeneza za tufe hatazuiwa na mtu, illa hazitapata chapa wala nafasi katika duka letu.

Vipimo viko mezani, karibu na daftari la mahudhurio, pamoja na kayamba sita za kila namna na ufito uliokatwa kwa sentimita 137. Sakafu ya ukumbi huu ni ya saruji. Kura itapigwa saa kumi, na tangu sasa hadi hapo kila mjumbe ana ruhusa ya kuziangusha apendavyo.