Tutaje Mwelekeo, Tusipindue Herufi: Maandishi ya Kiebrania katika Kozi za Mtandaoni

Mchungaji wa Siakago, Embu, anayetaka kusoma Agano la Kale kwa Kiebrania halazimiki tena kuhamia mjini. Somo linaweza kumfuata kwenye simu yake. Lakini kozi tunazotunga zimejengwa kwa Kiswahili au Kiingereza, lugha zinazoandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, ilhali Kiebrania huanzia kulia. Mtunzi akiona maneno yamevurugika kwenye kioo, mara nyingi hukimbilia kuandika JavaScript ya kupindua herufi hadi mstari uonekane sawa. Hoja ya mada hii ni kwamba kupindua huko ndiko kunakoharibu kozi. Kazi ya msimbo wetu ni kutaja mwelekeo wa maandishi. Kuzipanga herufi tukiachie kivinjari.

Desturi ya kupindua ilikuwa na sababu zake. Katika miaka ya 1990 vivinjari vingi havikuweza kuandika kutoka kulia, kwa hiyo Kiebrania kilihifadhiwa jinsi kilivyoonekana, herufi ya mwisho ikitangulia. Flash, iliyobeba kozi nyingi hadi ilipositishwa mwishoni mwa 2020, nayo ilikaa miaka mingi bila uwezo huo. Leo mambo ni tofauti. Kwa utaratibu wa Unicode, herufi huhifadhiwa kama zinavyosomwa, ya kwanza ikiwa ya kwanza, na kila herufi ya Kiebrania inajulikana kuwa inaelekea kushoto. Kivinjari huzipanga wakati wa kuzichora. Ukizipindua wewe, nacho kikazipanga tena, neno hutoka kinyume.

Tulitazame neno moja, בָּרָא, yaani ‘aliumba’, la mstari wa kwanza wa Mwanzo. Lina herufi tatu, lakini katika kompyuta ni vipande sita, kwa kuwa alama mbili za irabu na nukta iliyo ndani ya herufi ya kwanza huhifadhiwa peke yake, kila moja baada ya herufi inayoibeba. Amri ya JavaScript ya kuvunja neno na kulipindua haijui uhusiano huo. Matokeo yake irabu ya herufi ya pili huangukia ya tatu, irabu na nukta za herufi ya kwanza huangukia ya pili, na ya kwanza hubaki tupu. Hasara haiishii machoni. Jibu sahihi likihifadhiwa limepinduliwa, mwanafunzi anayeliandika neno ipasavyo hupewa sifuri, na programu ya kuwasomea wasioona hutamka neno lisilokuwapo.

Njia iliyo salama ni fupi. Neno la Kiebrania liwekwe ndani ya kipengele chenye lang="he" na dir="rtl". Hapo hata namba hutulia: bila kipengele hicho, ukiandika אור kisha 1:3 katikati ya sentensi ya Kiswahili, namba ya mstari huruka ikakaa kushoto kwa neno, kana kwamba imelitangulia. Kisanduku cha jibu kipewe dir="auto", kifuate herufi ya kwanza anayoandika mwanafunzi. JavaScript ibakie na kazi inayoiweza: kuweka lang na dir kwenye maandishi yanayoletwa baadaye, na kupitisha jibu kwenye normalize() kabla ya kulisahihisha, kwa kuwa nukta na irabu za herufi moja zaweza kuhifadhiwa kwa mpangilio tofauti ilhali neno ni lilelile.

Wapo watakaosema ni rahisi zaidi kuupa ukurasa mzima mwelekeo wa kuanzia kulia. Wakifanya hivyo, nukta ya mwisho ya kila aya ya Kiswahili itahamia kushoto. Wengine watataja vyombo vya kuchorea picha au kutoa PDF ambavyo bado havijui kupanga Kiebrania. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hata hapo mpangilio ubadilishwe wakati wa kuchora tu, na kwa msimbo unaozijua alama za irabu, bila kugusa maandishi yaliyohifadhiwa. Pingamizi kubwa ni kwamba wanafunzi wa Kiebrania katika Embu na Meru ni wachache. Ni kweli, ila msimbo huu haumhudumii mwanafunzi wa Kiebrania peke yake. Kiarabu, kinachotahiniwa katika KCSE, kina mahitaji hayohayo, na hata Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi: shairi refu la Utendi wa Tambuka kwa kawaida hutajwa kuwa la 1728. Anayeonyesha Kiebrania sawasawa ameshafungua mlango wa kufundishia urithi huo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yajadiliwe: kila kozi ikaguliwe kuondoa msimbo unaopindua herufi, kila neno la Kiebrania litajiwe lugha na mwelekeo wake, na kabla kozi haijafunguliwa, mtu ajibu maswali yake kwa simu ya kawaida, akiandika neno lenye irabu na namba kando yake, aone kama mfumo unampa alama anazostahili.