Waoshwali wa Thika na Ruiru



Reli ilipofika Thika kutoka Nairobi mwaka 1913, wenye maduka waliifuata. Ruiru na Thika vilikuwa vituo vidogo kati ya mashamba ya kahawa na katani, na miongoni mwa wafanya biashara waliofungua maduka ya mabati kando ya njia hiyo walikuwamo Waoshwali. Watu waliwaita Wahindi tu, wala hawakujua ya kuwa hao ni jamaa mbali: asili yao ni wakulima wa vijiji 52 vilivyo karibu na Jamnagar, katika Gujarat, nao hufuata dini ya Kijaini. Njaa kuu ya mwaka 1899 na 1900 iliwasukuma wengi kuvuka bahari.

Mmoja wao, Meghji Pethraj Shah, aliwasili Kenya mwaka 1919, kijana wa miaka 15. Baadaye yeye na wenziwe walikuwa na kiwanda Thika cha kukamua dawa ya kutengenezea ngozi katika magome ya miwati yaliyoletwa na wakulima wa Kikuyu. Hospitali ya M.P. Shah, Nairobi, yaitwa kwa jina lake.

Lakini mali haihifadhi mila. Mila zao zilihifadhiwa jikoni. Mjaini hali nyama, samaki wala mayai. Na washikao sana dini hawali hata viazi, vitunguu na karoti, kwani kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vidudu vya udongoni. Katika nchi ambayo mgeni wa heshima huchinjiwa mbuzi, sheria hiyo si nyepesi! Majirani wengine waliidhania kuwa ni maringo. Na kweli, urafiki mara nyingi ulikomea kwenye meza ya duka.

Kila mwaka, mnamo Agosti au Septemba, hufunga siku nane ziitwazo Paryushan. Wako wasiokula kitu muda wote huo, bali hunywa maji yaliyochemshwa, tena mchana tu. Siku ya mwisho kila mtu humwendea mwenziwe, mkubwa kwa mdogo, tajiri kwa karani wake, kuomba radhi kwa kosa alilolijua na asilolijua.

Mwaka 1967 sheria mpya za Kenya ziliwabana wasio raia katika kazi na biashara. Mwezi wa Machi 1968 Uingereza nayo ilipunguza ruhusa ya kuingia kwake, na wengi walikimbilia huko kabla mlango haujafungwa. Waliobaki Thika ni wachache, na watoto wao husoma kwa Kiingereza. Kigujarati huwategemea bibi zao.

Waliohamia Uingereza walijenga hekalu Potters Bar, kaskazini ya London. Humo wazee walizungumza Kigujarati chao cha Afrika, na ndani yake mlikuwa na kisu, fagio na sufuria.