Kikwembe cha mama, gauni la mtoto

Maneno haya yalitolewa na mama mmoja fundi wa kushona mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaacha karibu na vile alivyosema.



Kamati iliniomba niseme kidogo juu ya kushona nguo za jamaa kwa vitambaa vilivyo tayari ndani ya nyumba. Nitasema pia kwa nini ninapenda mitindo ya zamani, maana vijana wananiuliza kila siku: "Mama, juu ya nini unashona robo za wakati wa bibi?"

Munajua wenyewe tulivyorudi. Tangu mwaka 2005, meli zilipoanza kutuvusha ziwa toka Kigoma mpaka Baraka, kila nyumba ilifika na mizigo yake: sufuria, godoro, na bunda la vitambaa. Kule Nyarugusu na Lugufu tulisema gauni na cherehani. Huku tunasema robo na mashini. Lakini kitambaa ni kile kile. Ndani ya bunda mna kikwembe cha mama, madra mawili, rido iliyopauka. Tunaviona vimezeeka, tunaviweka chini ya kitanda, halafu tunaenda ku soko kutafuta chaguwa.

Sisemi chaguwa ni mbaya. Tumevaa, na tunavaa. Lakini nguo ya chaguwa ilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine, na mara nyingi mshono wake wa ndani ni mwembamba, hauna nafasi ya kupanua. Mtoto akikua kidogo, imekwisha. Nguo ya zamani ilikatwa na watu waliojua kwamba kitambaa kingine hakitapatikana kesho. Njo maana ninairudilia.

Angalieni robo ya mtoto katika picha za wazee wetu: kola ya mviringo, mikono iliyofura, kiuno kilichokatwa, sketi ya mikunjo mingi, na pindo pana chini. Kila kitu pale kina kazi. Kiuno kilichokatwa kinakuruhusu kubadili sehemu ya juu ikichoka na kubakiza sketi. Mikunjo inaficha mahali ulipounga. Pindo la sentimita 10 unaliteremsha mwaka ujao, na mwaka mwingine tena. Robo moja inavaliwa na mkubwa, halafu na mdogo wake.

Na wababa munakumbuka abakosti, ile Mobutu aliyotaka ivaliwe pahali pa kostimi na tai. Mwaka 1990 watu walipewa ruhusa kurudilia tai, na abakosti ikasahauliwa. Mimi namushonea mutoto mwanaume koti la namna ile kwa rido nzito, na linatoka vizuri sana siku ya arusi.

Kitambaa chenyewe nacho kina sababu. Wazee wa Kalemie wanakumbuka Filtisaf, kiwanda kilichokuwa kinafuma pamba pale kando ya ziwa. Siku hizi vikwembe vingi vya bei ndogo ni vyepesi. Kile ulicho nacho nyumbani pengine ni kizito kuliko kipya utakachouziwa. Tena kimefuliwa miaka mingi, kimekwisha kupungua chote kilichotakiwa kupungua.

Sasa kazi yenyewe.

Kwanza, chunguza. Nyanyua kitambaa mbele ya jua. Pale mwanga unapita kwa wingi pamechoka, usipaweke kwapani wala kwenye kiwiko. Rido huchoka kwa mistari, mahali jua lilipopiga kila siku. Vuta kwa vidole. Ikilia, iache iwe tambara. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu, nailoni inayeyuka na kuganda kama shanga. Ile ya kuyeyuka usimushonee mutoto anayekaa karibu na moto, na pasi ya makaa itaiharibu.

Pili, fumua mishono kwa wembe, pole pole, ufue, upige pasi.

Tatu, usikate kitambaa kabla ya karatasi. Chukua mufuko wa simenti, ule wa karatasi, uupanguse vizuri. Laza juu yake nguo inayomutosha mutoto, uchore, uongeze sentimita 2 au 3 kila ubavu. Hizo ndizo za kupanulia kesho.

Hesabu ni hii. Kikwembe kimoja cha yadi 2 kina karibu metro 1,80 za urefu na metro 1,15 za upana. Kwa mutoto wa miaka 7, sketi inachukua upana wote, unaukunja mpaka kiuno cha sentimita 60. Urefu wa sketi ni sentimita 60 pamoja na pindo. Unabaki na metro 1,20 kwa sehemu ya juu, mikono na kola. Mabaki yanatoa kitambaa cha kichwa cha mama.

Nne, shona mara mbili. Kutanisha upande wa ndani na wa ndani, shona, punguza, geuza, shona tena. Nyuzi zote zinafungiwa ndani. Inakula uzi zaidi, lakini nguo itapigwa ku jiwe mtoni na haitafumuka.

Kuna neno gumu nisiloweza kulikwepa: kikwembe cha mama aliyefariki. Kwetu kikwembe si nguo tu, ni akiba ya mwanamke, kinaingia hata katika mahari. Binti mmoja analeta akate, mwingine analia. Mimi ninauliza kwanza: hiki ni cha nani? Kama dada ni watatu, wote watatu wakubali, la sivyo mukasi unabaki mezani. Wakikubali, ninagawa ili kila nyumba ipate kitu. Na nimeona hivi: kikwembe kilicho ndani ya sanduku kinaliwa na panya, lakini mjukuu akikivaa, watu wanauliza, naye anataja jina la bibi yake.

Mwisho, nina maombi mawili.

Kwa kamati: leo mashini za chama zinashona komande za watu wa nje tu. Ninajua makuta yale yanasaidia mufuko wetu wa wagonjwa, siyakatai. Lakini mama aliyechanga kila mwezi hana pahali pa kushonea robo ya mtoto wake. Mutupe siku moja kwa juma. Mimi nitakuwepo bila malipo.

Kwa wafadhili: tunawashukuru kwa mabalo ya nguo. Mwaka huu, kama munaweza, mutuletee uzi mzuri, sindano, mikasi, mafuta na mikanda ya mashini za miguu. Kitambaa tunacho, na mikono tunayo.